Majina ya Kiyunani Yenye Upendo Ndani Yake

 Mwezi huu twataka kuwaletea habari za majina ya watoto wa kike yaliyotoka katika lugha ya Kiyunani, ambayo siku hizi huitwa pia Kigiriki, nayo ni yale majina yenye maana ya upendo. Hatukuichagua habari hii kwa kutaka kujionyesha kwamba twaijua lugha ya kigeni. Twaijua kidogo sana, na kidogo hicho ndicho kilichotutia aibu. Twaandika kwa sababu tulikosa, na kosa letu likaingia katika nyumba ya watu.

Ilikuwa hivi. Jioni moja baba mmoja wa usharika wetu alifika kwetu, akapiga hodi, tukamkaribisha. Mkewe alikuwa amejifungua binti, mtoto wao wa kwanza, na siku ya ubatizo ilikuwa imekaribia. Akasema, "Mwalimu, nataka jina lenye upendo. Tena nataka la Kiyunani, kwa kuwa Agano Jipya liliandikwa kwa lugha hiyo." Tukamwuliza, "Je, mama yako asemaje?" Maana tulijua kwamba katika ukoo wao binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama yake baba. Akainamisha kichwa, akajibu, "Jina la mama ni la njaa. Alizaliwa mwaka wa njaa, wakamwita hivyo. Sitaki mwanangu achukue njaa ya watu waliokwisha kufa."

Hatukuuliza zaidi, nasi tulipaswa kuuliza. Tulikuwa tumesoma mahali kwamba neno philos kwa Kiyunani maana yake ni rafiki, au mwenye kupenda. Tukakumbuka jina Philippa, ambalo ni Filipo la kike. Tukasema kwa ujasiri, "Mwite Filipa, upendo umo ndani yake." Akafurahi, akaenda zake. Jumapili ya ubatizo mtoto akaitwa Filipa mbele ya watu wote, na jina likaandikwa kitabuni kwa wino. Bibi yake hakuja kanisani siku ile. Watu walisema anaumwa mguu. Lakini Jumatatu asubuhi tulimwona shambani kwake, amesimama wima, analima.

Miezi michache ikapita. Siku moja mchungaji aliyesoma Kiyunani chuoni alipita kijijini kwetu, nasi tukamsimulia jinsi tulivyomsaidia baba yule. Mchungaji akacheka hata akavua miwani yake. Akasema, "Mwalimu, upendo umo kweli, lakini wamwendea nani? Jina hilo ni maneno mawili: philos, apendaye, na hippos, farasi. Umempa mtoto jina la Mpenda-farasi." Habari hiyo haikukaa siri. Na kwa kuwa kijijini kwetu hakuna farasi hata mmoja, ila punda wa kuchukua maji, watoto watundu hawakuchelewa kugeuza jina. Mama wa mtoto akaacha kupita njia ya kisimani wakati wa jioni.

Twapenda isifikiriwe kwamba Filipa ni jina la aibu. Kwa Wayunani wa kale farasi alikuwa mali ya watu wakubwa, kwa maana kumlisha kulikuwa na gharama nyingi. Mfalme Filipo wa Makedonia, baba yake Alexander Mkuu, alikuwa na jina hilo, na mji wa Filipi, ambao Mtume Paulo aliwaandikia watu wake waraka, uliitwa kwa jina la mfalme huyo. Hata mmoja wa wale mitume kumi na wawili aliitwa hivyo. Aliye na jina hili na asione haya. Lakini baba yule aliomba upendo, nasi tukampa farasi. Ndipo tulipoazimia kujifunza vizuri, tukaazima vitabu, tukamsumbua mchungaji kwa barua nyingi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, sisi kwa Kiswahili twatosheka na shina moja, kupenda, na kutoka katika hilo twapata pendo, upendo, mapenzi, mpenzi na mpendwa. Wayunani walikuwa na mashina mbalimbali. Eros ni upendo wa tamaa, ule unaowavuta mume na mke. Neno hilo halimo kabisa katika Agano Jipya. Philia ni upendo wa urafiki. Storge ni upendo wa jamaa, hasa wa mzazi kwa mwanawe. Agape ni upendo ule ambao mitume waliuandika zaidi ya wote, upendo unaotoa pasipo kuhesabu. Mipaka ya maneno haya si kama mipaka ya shamba iliyopandwa miti. Mara nyingi yaingiliana. Walakini yatusaidia kuyafahamu majina.

Jina la kwanza ni Agape lenyewe, lisiloongezwa neno. Wagiriki wa leo hulitamka Agapi, nao hata sasa huwapa binti zao. Mwaka 304, wakati Kaisari Diocletian alipowaudhi Wakristo, wanawake watatu walihukumiwa katika Thesalonike, mji ule ule ambao Paulo aliwapelekea watu wake nyaraka mbili. Mapokeo yasema walikuwa ndugu. Majina yao yalikuwa Agape, Chionia na Irene, yaani Upendo, Mweupe-kama-theluji, na Amani. Walikataa kula nyama iliyotolewa sadaka kwa miungu. Agape na Chionia wakachomwa moto. Irene akahojiwa tena juu ya vitabu vitakatifu vilivyokuwa vimefichwa, kwa maana amri ya Kaisari ilikuwa vitabu vya Wakristo viteketezwe. Naye akauawa baada ya ndugu zake. Tuliposoma habari hii tuliitazama Biblia yetu mezani, tukaifuta vumbi.

Kuna Agape mwingine katika mapokeo ya kanisa. Yasimuliwa habari za mjane aitwaye Sophia, maana yake Hekima, aliyekuwa na binti watatu, Pistis, Elpis na Agape, nao wakauawa Roma kwa ajili ya imani zamani za Kaisari Hadrian, aliyetawala tangu mwaka 117 hata 138. Wataalamu wengi wa historia hawaamini kwamba habari hii yote ilitukia kama inavyosimuliwa. Lakini majina hayo matatu yamesafiri duniani kote, na killa taifa limeyageuza kwa lugha yake. Warusi husema Vera, Nadezhda na Lyubov. Waingereza husema Faith, Hope na Charity. Na kwetu je? Nani asiyemjua msichana aitwaye Imani, au Tumaini, au Upendo? Ni majina yale yale, kwa taratibu ile ile ya sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Hapo tulisikitika sana, maana baba yule alitembea usiku kuja kwetu kutafuta Agape, na Upendo alikuwa tayari kinywani mwake.

Jina la pili ni Philothei, na hili latupasa tulipambanue na la tatu, Theophila. Yote mawili yana maneno yale yale, philos na theos, yaani Mungu. Lakini upendo ukitangulia, maana yake ni mwenye kumpenda Mungu. Na Mungu akitangulia, maana yake ni mpendwa wa Mungu, au rafiki yake. Ni kama kwetu tusemapo mpenda na mpendwa: herufi moja yaongezeka, na maana yote yageuka. Theofilo, yule ambaye Luka alimwandikia Injili yake na kitabu cha Matendo, ana jina hilo la pili kwa namna ya kiume.

Aliyeliletea heshima jina la Philothei alikuwa mwanamke wa Athens, aliyezaliwa mwaka 1522, wakati nchi ya Wagiriki ilipokuwa chini ya Waturuki. Hakuitwa hivyo utotoni. Alikuwa binti wa watu matajiri, akaozwa angali msichana wa miaka kama 14 kwa mume mkali aliyemtesa. Mume akafa baada ya miaka michache, naye akakataa kuolewa tena. Wazazi wake walipokufa, akatumia mali yake kujenga nyumba ya watawa, na alipoingia utawa ndipo akachukua jina la Philothei. Akawafundisha wasichana kazi za mikono, akawahudumia wagonjwa, tena akawaficha wanawake waliowatoroka mabwana waliowafanya watumwa. Kwa sababu hiyo alikamatwa na kutiwa gerezani. Mwaka 1588 watu walimvamia usiku katika sala, wakampiga, na kwa majeraha hayo akafa mwezi wa Februari 1589. Hata leo mtaa mmoja wa Athens waitwa kwa jina lake. Twaona hapa kwamba jina hili hakupewa ili apendeze masikioni mwa watu. Alilichukua mwenyewe, kisha akalilipia.

Jina la nne lajulikana sana kwetu, hasa kwa ndugu zetu Wakatoliki: Philomena, ambalo sisi huandika Filomena. Wengi husema latoka katika neno philoumene, yaani apendwaye, ingawa wengine huona ndani yake neno la nguvu. Mwaka 1802 katika makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, huko Roma, lilipatikana kaburi lililozibwa kwa vigae vitatu vyenye maandishi. Vigae vilikuwa vimewekwa bila utaratibu. Vilipopangwa upya, vikasomeka kuwa ni salamu ya amani kwa mtu aitwaye Filumena. Watu wakampenda kuliko tulivyoweza kujua habari zake, na mwaka 1961 Kanisa Katoliki likaiondoa sikukuu yake katika kalenda. Lakini jina halikuondoka. Afrika ya Mashariki ina akina mama Filomena wengi. Nao wenzetu Waislamu, wamwitapo binti Habiba, wasema neno lile lile kwa Kiarabu: mpendwa. Filomena na Habiba wakikutana sokoni wakinunua chumvi, huenda hawajui kwamba ni somo.

Jina la tano ni Erasmia, ambalo lina ujamaa na lile neno eros. Maana yake ni apendezaye, mwenye kuvuta mioyo. Wagiriki wangali wakilitumia, na hakuna dhambi ndani yake. Mzazi gani asiyemwona mtoto wake kuwa apendeza?

Basi tulipokuwa tukikusanya majina haya, tulikutana na jambo ambalo hatukulitafuta, nalo lilituumiza kuliko habari ya farasi. Tulitaka kujua jinsi Wagiriki wenyewe wachaguavyo majina. Tukaona ya kuwa wengi wao hawachagui kwa maana ya neno hata kidogo. Desturi yao ni kumwita mtoto kwa jina la babu yake au bibi yake. Mahali pengi binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na katika visiwa vingine huchukua jina la mama yake mama. Kwa hiyo msichana wa Kigiriki aitwapo Agapi leo, mara nyingi ni kwa sababu bibi yake aliitwa Agapi, na bibi wa bibi yake kadhalika. Na siku ya mtakatifu mwenye jina hilo ifikapo, bibi na mjukuu huadhimishwa pamoja, na jirani huja kuwatakia miaka mingi. Ndugu zetu Wakikuyu wa Kenya wataitambua desturi hii mara moja, kwa maana kwao pia binti wa kwanza ni wa mama yake baba, na wa pili ni wa mama yake mama.

Hata ugomvi wa majina si mpya kwao. Mwaka 423 kabla ya Kristo mtungaji Aristophanes alionyesha mjini Athens mchezo wa kuchekesha uitwao Mawingu. Ndani yake mna mzee mmoja asimuliaye jinsi yeye na mkewe walivyoshindana juu ya jina la mtoto wao wa kiume. Mke alikuwa wa ukoo mkubwa, akataka jina lenye neno hippos, farasi, ili mtoto aonekane mwungwana. Mume, mtu wa shamba, akataka jina la babu yake mtoto, lenye maana ya kubana matumizi. Baada ya kushindana sana wakayaunganisha, wakamwita Pheidippides, kubana-na-farasi. Mtoto akakua, akapenda farasi tu, akamtia baba yake katika madeni. Tulipoisoma habari hii tulicheka, kisha tukanyamaza. Babu upande mmoja, farasi upande wa pili: shauri lile lile la kijijini kwetu, nalo limepita miaka zaidi ya 2,400.

Hapo tukaona kwamba haitoshi kusoma. Tukaondoka mchana, tukaenda kwa bibi yake mtoto. Tukamkuta barazani akipukuchua mahindi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwalimu. Karibu uketi." Hakutuuliza tumefuata nini. Tukachukua gunzi, tukapukuchua pamoja naye mpaka ungo ukajaa nusu, ndipo tukapata kinywa cha kusema. Tukamwambia, "Bibi, jina lile tulilitoa sisi. Tena hatukulijua vizuri. Na neno lako hatukulitafuta. Tumekuja kukuomba radhi." Akaendelea na kazi yake. Tukamweleza desturi ya Wayunani, kwamba huwaita wajukuu kwa majina ya bibi zao. Mikono yake ikasimama.

"Hao watu wa Kitabu?" akauliza.

"Watu wa lugha ya Kitabu, bibi. Hata leo."

"Basi mwanangu alikwenda mbali hivyo kutafuta nini?"

Hatukuwa na jibu. Naye akasema, "Wanasema jina langu ni la njaa. Ni kweli. Mwaka ule watoto waliozaliwa na mimi walizikwa, karibu wote. Mama yangu alichimba mizizi porini, akaila yeye, ili maziwa yasikauke nipate mimi. Akaniita hivyo nisije nikasahau kwamba nilibaki, na kwa nini nilibaki. Wewe umesoma, mwalimu. Hao Wayunani jambo hilo waliliitaje?"

Tukamwambia kwamba wana neno storge, upendo wa mzazi kwa mwanawe, na kwamba Mtume Paulo, katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi, awahesabu watu waliokosa upendo huo pamoja na wale waliopotoka sana. Akajaribu kulitamka neno, likamshinda, akacheka kwa mara ya kwanza. "Ndilo jina langu hilo," akasema. "Ila la kwangu latamkika."

Maneno hayo tulimpelekea mwanawe siku ile ile, bila kuongeza wala kupunguza. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, wala hakusema neno. Jina la kitabuni halifutwi, wala sisi hatukumshauri alifute. Kesho yake alikwenda kwa mama yake. Waliyozungumza hatukuambiwa, wala si haki yetu kuyajua. Mtoto sasa ameanza kutembea, naye huitikia majina mawili: shuleni ataitwa Filipa, na bibi yake humwita kwa jina la nyumbani. Juzi tulipita karibu na kwao jioni, mtoto akawa anakaribia mafiga yenye moto. Baba yake akaita kwa sauti kuu, kwa haraka, bila kufikiri. Hakuita Filipa.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba majina ya kigeni ni mabaya. Agape, Philothei na Filomena ni majina mema, na mwenye kumpa mtoto wake mojawapo na afanye hivyo kwa furaha, ila ajue kwanza maana yake, asiridhike na nusu ya neno kama tulivyoridhika sisi. Wala hatusemi kwamba killa jina la kale ni jema. Lakini kabla hamjaja kwetu walimu kuuliza jina lenye upendo, pitieni kwanza kwa mama zenu mkawaulize waliitwaje, na kwa sababu gani. Na sisi walimu, mtu ajapo kwetu usiku kutafuta jina, tumwulize mara mbili mama yake asemaje, na akiinamisha kichwa tusifanye haraka kufungua kitabu. Wahenga wetu walisema kwamba jina jema hung'aa gizani. Huenda jina la bibi yenu lang'aa hivyo, nanyi bado hamjaambiwa habari yake.